Asali Kwenye Pijo ya Mzee Nassor

Vijana wangu mnaoshika usukani, niacheni nianze kwa kujisifu, ili jambo hilo liishe mapema tuingie kwenye kazi. Mimi ndiye mtu wa kwanza kutoka upande wetu wa reli kurudi Tabora na diploma ya bima kutoka Ulaya. Sisemi cheti cha semina ya siku tatu. Nasema diploma, yenye muhuri mwekundu, niliyoisomea huku nikiosha masufuria ya watu hotelini ili nipate kodi ya chumba. Baba yangu alikuwa mrina asali. Hakuna mjomba aliyenishika mkono, wala hakuna aliyeniandikia barua ya kunitambulisha. Nilirudi na suti mbili, mwavuli na diploma hiyo, nikaitundika ukutani juu ya meza yangu kabla hata sijauliza choo cha ofisi kiko upande gani.

Zilikuwa zama za Azimio na vijiji vya ujamaa. Tuliitana ndugu, kuanzia meneja hadi mfagizi, na bima ya magari ilikuwa kazi ya umma. Magari mkoani yalikuwa machache kiasi kwamba tuliyajua kwa sauti. Pijo ile ni ya nani, Landrova ile imetoka misheni gani, lori lile lina gia gani inayogoma. Ninyi leo mnalipia bima kwenye simu mkiwa mmejilaza kitandani, na sina neno. Lakini nawauliza kila mara, na kila mara mnanikodolea macho: umesoma ulichonunua?

Mwanafunzi wangu wa kwanza katika somo hilo alikuwa mkulima mmoja wa Puge. Alikuja na kaka yake. Walikuwa wamenunua gari kuukuu kwa mavuno ya pamba. Nikamwambia kwamba sheria inamtaka akate bima ya mtu wa tatu, ambayo wengi huiita bima ndogo. Akanitazama, akamtazama kaka yake.

"Ndugu, gari tumenunua mimi na huyu. Tuko wawili. Huyo wa tatu mmemtoa wapi?"

Nikamfungulia kitabu. Nikamsomea vifungu, nikatafsiri, nikafafanua tafsiri yangu. Nusu saa nzima. Mwisho akasema, "Kama ni mtu wenu wa ofisini, semeni tu tumpe chai yake."

Hapo ndipo Mzee Salum aliponyanyuka kwenye kona yake. Huyu alikuwa mkaguzi wetu wa ajali, aliyewahi kuendesha malori miaka mingi, na shule yake iliishia kwenye kusoma na kuandika. Akamvuta yule mkulima hadi dirishani.

"Wewe na kaka yako na gari lenu, hesabuni mtu mmoja. Sisi tunaowakatia bima ni wa pili. Sasa tazama nje. Unamwona yule mama mwenye kapu? Yule wa baiskeli? Yule anayevuka bila kutazama?"

"Nawaona."

"Wote hao ni wa tatu. Ukimgonga mmoja wao, sisi ndio tunaomlipa. Lakini gari lenu likipondeka, bima hii haiwapi hata msumari. Mkitaka na gari litengenezwe, au likiungua, au likiibwa, kateni ile kubwa."

"Kumbe wa tatu ni wengi hivyo!" mkulima akasema, akatoa pesa.

Nami nikarudi kwenye kiti changu, chini ya diploma, nimenuna. Nilijiambia kwamba mzee alikuwa na bahati ya kuwa na dirisha.

Mzee Salum alikuwa na namna yake ya kufundisha. Hakukusahihisha mbele za watu. Alikuuliza swali moja njiani, halafu akakuacha nalo wiki nzima. Kwake nilijifunza kupima alama za matairi kwa hatua za miguu kabla upepo haujazifuta. Nilijifunza kunusa mafuta ya breki. Nilijifunza kumwuliza shahidi alikuwa anafanya nini kabla hajasikia kishindo, kwa sababu anayesema alikuwa anatazama barabara tu, bila kazi yoyote, mara nyingi hakuwapo.

Tena alikuwa na ulimi laini kuliko mimi. Kulikuwa na padri mmoja mzee aliyegonga ng'ombe wa jirani. Nilimweleza kwamba hati yake ya bima inamkataza kukiri kosa au kuahidi malipo kabla ofisi haijachunguza. Sharti hilo liko hata kwenye hati zenu, lisomeni. Padri akaweka kofia mezani.

"Mwanangu, miaka thelathini nawafundisha watu kuungama. Leo wewe unanifundisha kunyamaza?"

Nikaanza kupekua kitabu, ingawa Ulaya nilipata alama ya juu kabisa katika somo hilo. Mzee Salum akasema, "Baba, kwa Mungu ungama yote. Kwa mwenye ng'ombe nenda kampe pole, mweleze kilichotokea bila kuficha. Lakini la nani alipe na kiasi gani, hilo utuachie sisi. Usiahidi mfuko usio wako." Padri akacheka, akaenda. Vijana, shikeni hapo hapo: sharti hilo halikukatazi utu. Usimwache majeruhi barabarani eti hati imesema usikiri. Msaidie, mpeleke hospitali, kaandikishe polisi, kisha njoo ofisini upesi.

Sasa niwaambie kosa langu. Nilifanya makosa madogo mengi, mengine yananichekesha mpaka leo. Hili halinichekeshi.

Katika kila hati ya bima kuna mstari wa matumizi. Ni mfupi, na ndio unaoangusha watu wengi kuliko mwendo kasi. Unasema gari hili limekatiwa bima kwa kazi gani. Kama ni la kwenda na kurudi kazini, ndivyo. Kama ni la kubeba mizigo ya mwenyewe, ndivyo. Ukilikatia bima ya kubeba mizigo yako kisha ukatoza watu nauli, umetoka nje ya ulichonunua, na siku ya ajali ofisi ina haki ya kukugeuzia kisogo.

Mzee Nassor alikuwa mfanyabiashara wa hapa mjini, katika zile familia za asili ya Oman zilizoingia Tabora na misafara, zikazaa, zikazika, zikawa za hapa. Alikuwa na duka na Pijo ya kubebea mizigo. Bima yake ilikuwa ndogo, na mstari wa matumizi ulisema: mizigo yake mwenyewe, si abiria wa kulipa.

Siku hiyo alikwenda Usinge kununua karanga. Wakati wa kurudi, watu waliokuwa wakija mjini wakamwomba, akawapakia juu ya magunia. Hawakufika mbali. Kwenye kona yenye mchanga mzito gari likateleza, likamkumba mtu aliyekuwa pembeni akisukuma baiskeli. Alikuwa Fundi Mihayo, fundi cherehani wa pale kijijini. Mguu wake wa kulia ukavunjika chini ya goti, pabaya.

Mnaijua cherehani ya miguu? Kanyagio lake halitaki huruma. Fundi anapiga siku nzima, kisigino na vidole, kisigino na vidole. Mihayo alikuwa na mke na watoto watano, na sare za shule ya kijiji zilikuwa mikononi mwake. Mfupa uliunganishwa, ukaunga vibaya. Daktari akasema lazima uvunjwe upya na unyooshwe katika hospitali kubwa, la sivyo mguu utabaki mgumu kama mti. Safari, matibabu, miezi ya kukaa bila kazi: vyote hivyo vilitegemea fidia. Na fidia ilitegemea faili lililowekwa mezani kwangu.

Nikasoma maelezo ya polisi. Abiria watatu waliulizwa kama walimpa chochote mwenye gari. Wote watatu, watu wakweli, wakajibu kitu kimoja: tulimpa asali. Vibuyu viwili.

Nilifurahi, vijana. Siwafichi. Nilifurahi kama mwindaji aliyeona unyayo. Kitabu changu kilisema malipo si lazima yawe fedha. Kitu chochote chenye thamani kinatosha. Asali ina thamani. Abiria walilipa. Matumizi yamevunjwa. Nikaandika barua ya kukataa madai, ukurasa mmoja na nusu, kwa Kiswahili cha kunyooka, nikaipiga chapa mwenyewe kwa kuwa sikumwamini mpiga chapa na alama za mkato. Nakala moja kwa Mzee Nassor, nyingine kwa Fundi Mihayo. Meneja akaisoma akasema, "Hapa ndipo elimu inapoonekana." Wiki nzima nilitembea nikijisikia mrefu.

Mzee Nassor alikuja na barua mkononi. Hakupiga kelele.

"Mwanangu, wallahi sikuwatoza hata senti. Niliwapakia kwa ajili ya Mungu."

"Mzee wangu, polisi wameandika asali."

"Ulitaka niwarudishie asali yao? Niwatukane?"

"Sheria haiangalii matusi, mzee."

Akakunja barua polepole. "Basi. Mguu wa mtu nimeuvunja mimi. Nitauza Pijo, nimpeleke hospitali. Duka likifa, na life. Lakini andika na hilo kwenye faili lako, kwamba Nassor si mchuuzi wa nauli."

Alipotoka, Mzee Salum alikuwa akinoa penseli kwa kisu. Hakuniangalia.

"Bwana Diploma," akasema, maana ndivyo alivyoniita, "wewe ulifikaje shule ya Tabora kutoka kwenu?"

"Kwa lori."

"Baba yako alilipa nauli?"

Alijua jibu, kwa sababu sisi sote wa upande ule tuna jibu moja. Baba alinipeleka barabarani na sanduku la bati, akamwendea dereva, akamwekea kibuyu cha asali karibu na kiti. Dereva hakukiangalia. Akasema tu, "Panda, kijana." Kwetu hupandi chombo cha mtu mikono mitupu ukiwa na kitu nyumbani, kama vile huingii nyumba ya mgonjwa hivyo hivyo. Hiyo si bei. Nililijua hilo kabla sijajua kusoma, na nilikuwa nimeliosha Ulaya pamoja na masufuria.

Lakini kiburi hakifi siku moja. "Mzee," nikasema, "ofisi haiwezi kulipa kwa mila. Wote wakisema ni zawadi, tutawatambuaje wenye kutoza nauli?"

"Hilo ndilo swali," akasema. "Wewe uliandika jibu kabla ya kuliuliza. Njia hii ya Ujiji ni ya zamani, mwanangu. Imejua mambo matatu. Hongo, ule ushuru wa watemi kwa misafara, ilidaiwa, na usipotoa hupiti. Nauli husemwa kabla, na asiye nayo huachwa chini. Zawadi haidaiwi, na asiye nayo hupanda. Sasa twende Usinge tukaulize nani alipanda bila asali."

Tukapanda treni. Ofisi ilimlipia yeye tu, kwa kuwa ndiye mkaguzi. Mimi nilijilipia, na hilo nalo naomba mlihesabu katika sifa zangu.

Usinge tuliwapata wale abiria watatu shambani. Mzee Salum akawasalimu Kinyamwezi, "Mwangaluka," wakaitikia wakaweka majembe chini. Hakutoa karatasi. Akauliza Mzee Nassor aliwaambia nini kabla hawajapanda.

"Alituambia tusikalie karanga zake," mmoja akasema, "tukae kwenye magunia matupu."

"Asali aliomba?"

"Aombe kwani yeye ni mgonjwa? Tulimpa tu."

"Mlikuwa watatu?"

Wakatazamana. "Kwenye gari? Tulikuwa wanne. Na Bibi Nyamizi."

Jina hilo halikuwamo kwenye faili. Gari lilipogonga karibu na kijiji, bibi alishuka akarudi zake nyumbani kwa miguu, na polisi waliandika wale waliofika kituoni tu. Tukamkuta akipepeta mtama. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akanichunguza suti kuanzia kola hadi pindo.

"Bibi," nikasema, na safari hii niliuliza mwenyewe, "wewe ulimpa nini yule Mwarabu?"

"Mimi? Nina mizinga mimi? Nina kuku?" Akacheka mpaka ungo ukatikisika. "Nilimpa masimulizi. Nilianza na ndoa yangu ya kwanza. Laiti tusingepata ajali, angefika Tabora ananijua ukoo mzima."

"Hakusema ushuke?"

"Aseme nishuke! Wale wenye asali walikaa juu ya magunia, mimi mikono mitupu akanikalisha mbele, kwenye kiti, kwa sababu ya magoti yangu. Wewe mwanangu, kwenu wazee mnawakalisha wapi?"

Mzee Salum alikuwa ametazama pembeni, kama mtu anayekagua paa. Nikatoa karatasi, nikaandika maneno ya bibi, nikamsomea, akaweka dole gumba. Nimeandika maelezo mengi ya mashahidi maishani mwangu. Hayo ndiyo niliyoyaandika kwa herufi nzuri kuliko yote.

Kubadili uamuzi kazini si jambo dogo, vijana. Ilinibidi nimwandikie meneja kwamba barua aliyoisifu ilikuwa na kosa, na kwamba kosa ni langu, si la mpiga chapa wala la polisi. Meneja akaniuliza, "Ndugu, kwani diploma yako inasemaje?" Nikamwambia inasema malipo, na yale hayakuwa malipo, kwa sababu mwenye gari hakuyadai na asiyetoa alipewa kiti cha mbele. Akasoma maelezo ya bibi mara mbili, akasaini. Mzee Nassor hakuuza Pijo. Fidia ya Fundi Mihayo ilipitishwa: hospitali kubwa, miezi ya bila kazi, vyote.

Tangu hapo nilikuwa na desturi, na wakaguzi niliowafundisha baadaye, nao ni wengi, na wengine ni mabosi sasa, waliichukua kwangu: hukatai dai la mtu bila kwenda kusimama mahali lilipotokea. Nanyi madereva, chukueni upande wenu. Ukimpakia mtu, usimtajie bei, hata kwa mzaha, kama bima yako si ya abiria. Akikuwekea kitu, mwambie mbele ya wenzake kwamba angepanda hata bila hicho. Ukitaka kubeba watu kwa nauli, hiyo ni biashara halali kabisa. Nenda ofisini ukabadilishe mstari wa matumizi, ulipe kinachostahili, ulale usingizi. Na ukiulizwa na polisi, usijibu swali tu. Eleza na jinsi ilivyokuwa. Mungu awasamehe wale abiria watatu, walisema kweli tupu, na kweli yao ilikaribia kuunyima mguu dawa, kwa sababu ilimkuta msomi.

Barua ya pili ningeweza kuituma kwa posta. Mzee Salum aliitazama bahasha, kisha akanitazama mimi. Nikaipeleka mwenyewe.

Nilifika Usinge watu wametoka kwenye shamba la kijiji, wamekaa mbele ya ofisi ya kijiji wakipumzika. Fundi Mihayo alikuwa kwenye kiti cha kamba, mguu umenyooshwa juu ya gogo, anashona vifungo kwa mkono. Nikamsalimu, nikamwambia nimetoka Tabora, ofisi ya bima, nimeleta habari njema. Nikamnyooshea bahasha.

Hakuipokea. "Ile barua ya kwanza," akasema, "nani aliiandika?"

"Ni mimi, fundi."

Akaendelea kuvuta uzi mpaka kifungo kikakaza, akaukata kwa meno.

"Mimi ndio kwanza naanza kisomo cha watu wazima," akasema. "Ile ya kwanza mwalimu aliisoma hapa hapa, watu wote wanasikia, kwamba sistahili. Mke wangu alikuwapo. Wanangu walikuwapo. Hii nayo isome hapa. Lakini mwalimu amechoka. Soma wewe."

Watu wakasogea. Nikafungua bahasha. Nilikuwa nimewahi kusimama mbele ya maprofesa wa Kizungu nikasoma bila kukosea, na hilo ni kweli, lakini hapa mstari wa kwanza niliusoma mara mbili. Nikasoma kwamba ofisi imechunguza upya. Nikasoma kwamba barua iliyotangulia imefutwa, na kwamba aliyeiandika hakufika kuuliza. Nikasoma habari za hospitali. Mke wa fundi akafunika uso kwa kanga. Nilipofika chini kabisa, kwenye jina langu, nikasikia mtu nyuma akiuliza:

"Ndiye yule yule?"

"Ndiye," akasema Fundi Mihayo. "Mwacheni amalize."